Shuka Hukamuliwa na Watu Wawili

Lihesabu. Lile rundo la nguo chafu nyuma ya mlango wa bafu, ambalo tangu Jumatano unalipita ukiwa umegeuza uso, kaa chini ulihesabu nguo moja moja. Mimi la kwetu nililihesabu Jumamosi moja, saa kumi na mbili asubuhi, mgongo ukiniuma hata kabla sijagusa beseni. Sisi ni watu sita: mimi na mume wangu, watoto watatu wanaosoma, na mama mkwe. Nikakuta mashati ya shule 15, sketi na kaptura 6, soksi 30, mashuka 8, foronya 6, taulo 6, nguo za kazini 10, kanga 4, na nguo za kushindia 24. Jumla 109.

Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikaitafakari ile namba. Miaka yote nilikuwa najilaumu kwamba sina nguvu kama mama yangu. Kumbe nilikuwa naidai mikono miwili imalize nguo 109 kwa siku moja, kisha ipike, kisha iende sokoni, kisha jioni itabasamu. Nikagawa kwa 7. Nguo 16 kwa siku, na hapo kadhaa ni soksi. Hiyo ni beseni moja. Beseni moja, jamani! Hakuna nyumba yenye watu wazima wenye afya inayoshindwa na beseni moja.

Tangu siku ile kwetu hakuna siku ya kufua. Kuna kufua tu, kila siku, kama tunavyopika kila siku na kuoga kila siku. Haba na haba hujaza kibaba, na nguo chafu nazo hujaza tenga kwa njia hiyo hiyo: soksi moja, taulo moja, shati moja la mtu aliyetoka kazini amechoka. Kinachojaa kidogo kidogo kipunguze kidogo kidogo. Anza leo. Usisubiri Jumamosi, usisubiri likizo, usisubiri mashine. Chukua nguo 16, ziweke kwenye maji, na kesho asubuhi utaamka nyumba yako ikiwa imepumua.

Na nikuambie kitu ambacho rundo la Jumamosi linakuficha. Nguo ikikaa na uchafu inakuwa ngumu zaidi kufua. Jasho na mafuta ya mwili yakikauka kwenye kola na makwapani hubadilika yakawa ya manjano, yakang'ang'ania uzi. Taulo bichi likitupwa ndani ya tenga Jumatatu, Alhamisi lina madoa meusi ya koga, na koga haitoki kwa kusuguliwa. Shati lililovaliwa leo na kuoshwa leo usiku linahitaji sabuni kidogo na dakika chache. Shati hilo hilo baada ya siku sita linahitaji jiki, brashi na hasira, na mwisho wa muhula halifai hata kurithiwa na mdogo mtu.

Hebu nikusogeze karibu na hilo shati, maana hapo ndipo mama wengi wanapovunjikia mgongo. Shati jeupe la shule, kola imeweka mstari wa kahawia. Lilowanishe. Lifungue kola ikae bapa kwenye kiganja. Chukua kipande cha sabuni ya mche, upitishe juu ya ule mstari mara tatu au nne mpaka uone umefunikwa. Fanya hivyo kwenye mikono ya shati na makwapani. Halafu liache. Dakika kumi, kumi na tano, liache tu, nenda kafanye jambo jingine. Sabuni inapenda kupewa muda wa kuyashika mafuta kabla hujaja na nguvu. Ukirudi, fikicha kola kwa kola, kitambaa kwa kitambaa, taratibu. Brashi ngumu inakata nyuzi, ndiyo maana kola nyingi huchakaa wakati shati zima bado jipya. Suuza, utaona mstari umeondoka na maji. Mwanangu wa pili ana miaka kumi na moja na anafanya hivi peke yake. Siku ya kwanza alipoona ule mstari unayeyuka alikuja mbio kunionyesha kama mtu aliyepata hela njiani.

Maji ni kikwazo, najua. Naishi Dar es Salaam, najua maana ya bomba kukohoa hewa siku tatu mfululizo. Lakini mgao wa maji ni sababu ya kufua kidogo kidogo. Beseni moja linahitaji ndoo tatu au nne, na ndoo nne zinapatikana hata siku ya shida. Rundo la wiki linahitaji pipa zima, na pipa likikosekana wiki mbili, watoto wanavaa sare zenye jasho. Anza na nyeupe maji yakiwa mapya, zifuatie za rangi kwenye maji yale yale ya sabuni, mwisho matambara ya jikoni na soksi za mpira. Maji yanayobaki oshea sakafu ya uani au mwaga chooni. Na kama mnatumia kisima chenye maji ya chumvi, unajua jinsi sabuni inavyogoma kutoa povu na kuacha utandu wa kijivu kwenye nguo. Madini yaliyomo hushikana na sabuni kabla haijaifikia taka. Kwa maji hayo sabuni ya unga hufanya kazi vizuri kuliko ya kipande, na suuza ya mwisho tafuta ndoo moja ya maji baridi yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua. Ndoo hiyo moja ndiyo inayorudisha ulaini wa taulo.

Sasa tuzungumze kuhusu mikono.

Baba, mzazi mwenzangu, nakuomba usifunge ukurasa hapa. Wewe ulisoma bweni. Miaka minne, pengine sita, ulifua shati lako jeupe kwa mikono yako, ukalianika, ukalilinda lisiibiwe, ukalikunja chini ya godoro lipate pasi ya usiku. Ukaenda jeshi la kujenga taifa, ukafua tena. Ulipopanga chumba chako cha kwanza ulifua Jumapili ukiwa na redio pembeni na ulipendeza kazini. Ujuzi ule haukuondoka siku ya ndoa. Umelala tu mikononi mwako, na nyumba yako inauhitaji leo. Mtoto wa kiume anayemwona baba yake ameinama kwenye beseni hahitaji kuambiwa kwamba kazi hii haina jinsia. Ameshaona.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Waliotunga methali hiyo walijua wanachosema, kwa sababu chawa wa mwili anaishi na kutaga mayai kwenye mishono ya nguo, na nguo ikikosa kufuliwa na kubadilishwa ndipo anapostawi. Nyumba nzima inavaa, nyumba nzima ifue. Mtoto wa miaka mitano anaweza kutafuta soksi zinazofanana na kuzikunja jozi jozi, na ataifanya kazi hiyo kwa furaha kuliko mchezo. Akifika darasa la pili au la tatu, nguo zake za ndani ni zake: azifue mwenyewe kila anapooga, azianike mahali penye jua. Wazee wa pwani walitufundisha adabu hiyo na haijapitwa na wakati. Darasa la sita afue sare yake yote. Bibi naye asiambiwe kaa tu, mama umechoka. Mama mkwe wangu hawezi tena kuinama, lakini hakuna mtu anayekunja shuka kama yeye, pembe kwa pembe, na tangu tumpe kazi hiyo sauti yake imerudi ndani ya nyumba.

Na kama kuna dada anayewasaidia kazi, muone. Yule binti naye ana mgongo. Kumwachia rundo la watu sita ni kulihamisha tu lile rundo kutoka kwako kwenda kwa mtoto wa mwenzako. Mpe zamu kama wengine, mnunulie mafuta ya nazi apake mikono baada ya kufua, maana sabuni ya unga inakula ngozi, na umwambie ahsante kila siku.

Nataka nikae kidogo kwenye kitanda.

Katika nyumba nyingi yupo mtoto anayekojoa usiku. Mara nyingi hatumsemi kwa wageni lakini tunamsema sana ndani. Anaamka alfajiri, amelowa, anajua kitakachofuata: sauti, kicheko cha kaka zake, godoro linaburutwa uani majirani waone. Wapo waliotembezwa mtaani na shuka kichwani. Wazazi wenzangu, tuache. Mtoto aliyelala usingizi mzito hajafanya kosa lolote, na wengi huacha wenyewe wanapokua. Aibu haijawahi kukausha shuka.

Kwetu tulifanya hivi. Tuliweka nailoni nzito chini ya shuka la chini, tukaweka shuka la akiba na kaptura kwenye kiti karibu na kitanda. Akiamka amelowa, anavua, anaweka kwenye ndoo yenye maji ya baridi iliyopo bafuni, anatandika la akiba, analala. Hakuna anayeamshwa. Asubuhi shuka lile linasuuzwa kwanza kwa maji matupu mara mbili, ili mkojo utoke kwanza, kisha ndipo linafuliwa kama nguo nyingine, na linaanikwa juani na mashuka mengine bila alama yoyote. Siku ya kwanza mtoto wetu alikuja jikoni akasimama mlangoni, akisubiri kugombezwa. Nilimwambia, "Njoo unywe chai, mwanangu." Nilipomwona anavyovuta pumzi nilijua kwamba kufua nguo za mtu ni njia mojawapo ya kumwambia kuwa hapa ni kwake.

Ukifikiri ninaipa kazi hii uzito usio wake, sikia habari ya mwanamke mmoja. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia mji wa Liverpool, Uingereza. Mitaa ya maskini ilikuwa imebanana, familia nzima chumba kimoja, maji ya kubahatisha. Mtaani kwake Kitty Wilkinson, mhamiaji kutoka Ireland, alikuwa na kitu ambacho majirani hawakuwa nacho: birika kubwa la kuchemshia maji. Akafungua jiko lake. Majirani wakaja na mashuka ya wagonjwa wao, wakalipa senti kidogo tu kwa wiki, nguo zikachemshwa na kutiwa dawa ya klorini, ndugu wa karibu wa jiki tunayoijua. Wakati huo hata madaktari walikuwa bado wanabishana kipindupindu kinaenezwaje. Yeye hakusubiri wamalize. Alichemsha mashuka. Kazi yake ilionekana kiasi kwamba mwaka 1842 Liverpool ilifungua nyumba ya umma ya kufulia, ya kwanza ya aina yake nchini humo, na baadaye yeye na mumewe wakakabidhiwa kuisimamia. Leo ana sanamu katika ukumbi wa St George's Hall. Mwanamke wa mabeseni! Sisi tunaokijua kipindupindu kila masika tunaielewa habari hii bila kutafsiriwa. Shuka la mgonjwa anayeharisha lisichanganywe na ya wengine. Vaa glavu za mpira au hata mfuko wa nailoni mikononi, lichemshe au liloweke kwenye maji ya jiki, na maji yake yamwagwe chooni, kamwe yasimwagwe karibu na kisima.

Basi ukimaliza kusuuza, usiharibu kazi kwenye kamba. Kung'uta kila nguo kwa nguvu mpaka itoe mlio, mikunjo inakimbia yenyewe na pasi inapata nafuu. Nyeupe zipe jua kali, jua ni dawa ya bure. Za rangi na kanga zigeuze ndani nje, au zianike kivulini penye upepo, kwa sababu jua lile lile linaloleta weupe ndilo linalopausha wekundu. Kanga mpya fua peke yake mara ya kwanza na ya pili, kwa maji ya baridi, mpaka maji yatoke safi. Wengi hutia chumvi. Mimi nimeona kinachookoa nguo nyingine ni kuitenga tu.

Chandarua nacho kina sheria zake, na hapa nasema kwa mkazo kwa kuwa malaria inaua watoto wetu. Chandarua chenye dawa ya kudumu kimetengenezwa kustahimili kufuliwa mara 20 hivi. Mara nne kwa mwaka zinatosha. Tumia sabuni laini, maji ya baridi, usikisugue kwenye jiwe, usikitie jiki, na ukianike kivulini, maana jua linaiua ile dawa iliyomo kwenye nyuzi.

Halafu kuna yule nzi. Mtu anayeishi penye miembe na mchanga anamjua: hutaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au iliyotandazwa chini, na nguo ikivaliwa mayai yanaanguliwa, funza anapenya ngozini na kufanya jipu lenye kitundu katikati. Usianike nepi ya mtoto juu ya majani wala mchanga. Anika juu ya kamba, juani, ikauke kabisa, na kisha ipige pasi ya moto pande zote mbili hadi kwenye mishono. Joto ndilo linaloyaua mayai. Pasi kwenye nguo za mtoto mchanga ni kinga, hata kama umeme ni ghali na itabidi uiwashe ile ya mkaa.

Madoa, machache tu. Damu ni maji ya baridi na haraka, kwa sababu maji ya moto huipika damu ndani ya uzi kama yai kwenye kikaango. Kutu ni ndimu na chumvi, kisha juani; ukiitia jiki itaganda zaidi. Utomvu wa ndizi ukishakauka umekushinda, kwa hiyo anayemenya ndizi avae nguo ya jikoni. Na jiki isikutane na ndimu wala siki ndani ya beseni moja, hata siku moja: hutoa hewa ya sumu inayobana kifua. Ifungie mbali na watoto, na usiihifadhi kwenye chupa ya soda.

Masika yatakuja. Kuanzia Machi mpaka Mei utafua na kamba italala na nguo mbichi. Wakati huo ndipo beseni moja kwa siku linapokuokoa hasa, kwa kuwa nguo 16 zinaenea kwenye kamba ya kibarazani na 109 hazienei popote. Mashuka mazito yasubiri siku jua linapochomoza, na likichomoza, hata kama ni saa nne na wewe una haraka, mwite aliyepo mshirikiane. Lichukue jua lako.

Usiniambie huwezi. Umelea, umeuguza, umezika, umejenga, umesomesha kwa mshahara usiotosha. Beseni hili haliwezi kuwa kubwa kuliko wewe. Litoe uani usiku huu. Ita jina la kila mtu wa nyumba yako na umpe chake, kwa upole na bila kuomba radhi.

Jumanne iliyopita ilikuwa zamu ya mashuka ya chumba cha watoto. Niliamka saa kumi na moja na nusu nikakuta taa ya uani inawaka. Mume wangu ameshika ncha moja ya shuka la bluu, mwanetu wa mwisho ameshika nyingine, amejikita miguu yote miwili kwenye saruji. "Wewe zungusha kulia, na mimi kulia kwangu," baba alisema. Shuka likajisokota kati yao kama kamba ya ngalawa, likanyooka, likakaza, maji yakaanza kushuka, kwanza kama mvua, halafu matone. Mtoto aliegemea nyuma kwa uzito wake wote. "Baba, usiachie!" Baba hakuachia.